Sabdio na Zulia la Jilo

Kila mtu Garsen ana majina mawili: lile alilopewa na mamake, na lile alilopewa na Sabdio muuza maziwa. La pili ndilo la kweli. Chifu ni tumbo linalopapaswa baada ya pilau. Mwenye duka la mbegu ni mkono unaojikuna pahali pasipokunwa mbele za watu. Mwalimu mkuu mstaafu, mtu mzima na heshima zake, ni usingizi wa kwenye kiti, mdomo wazi. Sabdio hasikii tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa bado ananyonya, na kwa kuwa majina ya watu hayakupata kumfikia masikioni, aliwapa mengine kwa jinsi alivyowaona kila asubuhi akiwa nyuma ya vibuyu vyake sokoni.

Wahenga nao hakuwasamehe. Tuneya, binti wa Kipokomo kutoka Kulesa aliyesomea ukalimani wa lugha ya ishara, alipomweleza kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Sabdio aliuliza wazee hao walikosewa nini na masikio. Yeye hajasikia la mkuu wala la mdogo maisha yake yote, na guu ndilo hili. Akalinyanyua akalionyesha, palepale sokoni, imamu akipita.

Kakake Jilo alipewa jina la vidole vinne vikigongana na dole gumba kando ya mdomo, bila kupumzika. Siku moja Jilo alimwuliza Tuneya ishara ile maana yake nini. Tuneya akatafuta neno la heshima, akasema, "Ni msemaji." Jilo alifurahi mno. Tangu hapo akawa akijitambulisha nayo mwenyewe kwa kila kiziwi aliyekutana naye, akivichezesha vidole mdomoni kwa fahari, nao wakimpa mkono huku wamejiuma midomo.

Na msemaji alikuwa kweli. Baba yao alipofariki, Jilo alirithi ng'ombe, nyumba na kinywa cha dadake. Sabdio akienda zahanati, Jilo ndiye aliyeeleza panapouma, na mara mbili alieleza pasipouma, Sabdio akarudi nyumbani na dawa ya tumbo kwa ajili ya jino. Alipokuwa mwari, walipokuja watu kumposa, aliulizwa kama ameridhika, na kila mtu akautazama mdomo wake. Desturi inasema kimya cha mwari ni ridhaa. Basi kama ni kimya, Sabdio alikuwa nacho cha kutosha harusi zote za Tana River. Jilo akasema, "Amekubali," wanawake wakapiga vigelegele, na Sabdio akawa anazitazama zile ndimi akidhani ni sherehe ya mtu mwingine. Alijua ni yake alipopandishwa gari na sanduku lake.

Ndoa ile haikufika mbali. Alirudi amekonda hadi bangili zake zikawa zinapanda kupita kiwiko. Jilo alipomwona akiteremka, hakusema neno, yeye msemaji. Alienda zizini akakaa kule na ng'ombe mpaka jua likatua. Alichofikiri kule zizini Sabdio hakukijua, kwa sababu hapakuwa na ishara ya kumwambia.

Nyumbani walikuwa na ishara zao za kujitungia: ng'ombe, maziwa, maji, kula, njoo, nenda, mvua. Kwa kuchunga zilitosha. Kila jambo jingine halikuwa na ishara, na Sabdio akianza kulitafutia, Jilo aligeuza uso. Mtu anayesikia ukimgeuzia uso bado anaweza kukupigia kelele mgongoni. Kiziwi ukimgeuzia uso umemfunga mdomo, na Jilo alikuwa mtu wa kugeuka haraka sana.

Kisha akaja Winfred. Huyu alikuwa mwanamke wa Kigiriama, kiziwi naye, mrefu, mkali, aliyesoma na kufundisha katika shule za viziwi Mombasa kabla hajarudi kulima na kuudhi watu kwao. Aliwakusanya viziwi wa Garsen, Kulesa na Kipini chini ya bati la jengo ambalo ujenzi wake ulikwama, akawafundisha lugha ya ishara wanayotumia viziwi wa nchi nzima. Sabdio aliinywa lugha ile kama ng'ombe aliyefika mtoni kiangazi. Alianza na matusi, akaja kwenye salamu baadaye.

Winfred ndiye aliyefufua *Harusi ya Ng'ambo*. Ulikuwa mchezo wa kuigiza wa nyimbo tupu, uliochezwa Garsen mara ya mwisho wakati wazee wa leo walikuwa vijana, na nyimbo zake watu walikuwa wakiziimba bado wakifua au wakipalilia. Bibi harusi yuko upande huu wa mto, bwana harusi yuko ule. Mto unafura usiku wa kuamkia harusi. Wazee wa pande mbili wanapigiana kelele juu ya maji, kila upande ukisikia unachotaka, mpaka harusi inakaribia kuwa vita.

"Huu mchezo ulikuwa wetu tangu zamani, wanaosikia waliuazima tu," Winfred aliwaambia kwa mikono. "Kelele haivuki mto. Mkono unavuka."

Basi ikapangwa hivi: waimbaji wanaosikia wasimame pembeni waimbe, na viziwi waigize, wacheze na kuimba kwa mikono, mkono na sauti vitembee pamoja. Watu waliuliza kiziwi atafuataje ngoma. Winfred alitengeneza jukwaa la mbao chini ya bati lilelile, akamweka Nzai na ngoma yake kubwa juu ya mbao zilezile, akaamuru kila mtu avue viatu. Nzai alipopiga, Sabdio aliona ngoma inapanda kwenye nyayo, inapita magotini, inakaa kifuani. Alicheka hadi akakaa chini. Miaka yote hiyo watu walikuwa na kitu hiki na hawakumwambia.

Winfred akampa nafasi ya bibi harusi. Wengine walinung'unika kwamba amepita umri, na tena ni mtalaka. "Mabibi harusi wenye adabu nimewaona wengi," Winfred akajibu. "Huyu anaonekana hata na mtu aliyekaa nyuma."

Hapo ndipo Tuneya, ambaye siri kwake ni kama maji kwenye tenga, alipomwambia habari za Issack.

Issack alikuwa mnunuzi wa ng'ombe mnadani, mjane, mpole, na jina lake kwa Sabdio lilikuwa kidole kwenye kishimo cha shavu. Ndilo jina pekee katika Garsen nzima lisilokuwa na ubaya ndani yake, na viziwi wote walikuwa wamekwisha kuliona hilo. Kila asubuhi alinunua maziwa kwa Sabdio ingawa zizi lake lilikuwa na ng'ombe wa kukamwa. Alijifunza kusema asante, habari, na kesho kwa mikono, akiharibu zote.

"Alikuja kukuposa," Tuneya akasema. "Mara mbili. Alileta tumbaku na buni za kahawa kama desturi ya Kiorma ilivyo."

Sabdio alizikumbuka zile buni. Alizikaanga mwenyewe kwa samli, akawapelekea wageni barazani, akala zilizobaki. Zilikuwa nzuri.

"Jilo alimwambia nini?"

"Alimwambia hutaki."

Mwanamume mwenye haya zake hakataliwi mara mbili akarudi ya tatu. Tena wajomba wa Issack walikuwa wamekwisha kumtafutia mchumba Hola, na walingoja jibu lake mara tu baada ya siku ya mchezo. Sabdio alijaribu usiku uleule kumwambia Jilo. Alionyesha Issack, alionyesha buni, akajigonga kifua. Jilo akaonyesha ng'ombe, akageuza uso.

Ndiyo maana alitaka Jilo aje kwenye mchezo, akae mbele. Zamani, katika tukio la mwisho, bibi harusi aliulizwa kama amekubali naye akainamisha kichwa, na kimya chake kikahesabiwa. Winfred alikuwa amelitupa hilo. Sasa bibi harusi alijibu kwa mikono yake, na Tuneya akaitoa sauti. Sabdio hakuomba zaidi ya hapo: Jilo amwone mara moja tu akiulizwa, akijibu, na watu wakielewa. Akiona hayo mbele ya Garsen yote atageuzia uso wapi?

Jilo alikuja, tena mapema kuliko wote. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akakagua viti, akamsalimu kila mtu kwa niaba ya familia, kisha akaliona jukwaa. Mbao zilikuwa kavu, zimejaa mikwaruzo. Akaambiwa dadake atacheza pale miguu mitupu, na chifu na wageni wake wako mstari wa mbele.

"Dada yangu mimi?" akasema. "Akanyage mbao kama mbuzi ya kupakia lori? Hapana. Sisi tuko na nyumba."

Akaenda mbio nyumbani akarudi na zulia lake la sebuleni, lile zito jekundu ambalo hata watoto wake hukatazwa kulikanyaga, na mikeka minene ya kutandika chini yake. Vijana wakainua ngoma ya Nzai, naye akidhani Winfred ndiye aliyeagiza, wakatandika, wakairudisha juu. Zulia likazidi jukwaa, likateremka hadi chini ya kiti cha chifu. Chifu alipoona hivyo alivua viatu, akasema huu ndio ustaarabu. Winfred, Tuneya na wachezaji walikuwa nyuma ya pazia la leso wakijipaka hina, hawakuona lolote. Wanaosikia waliona yote na wakampongeza Jilo. Garsen mgeni hatandikiwi ubao.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Sabdio akatoka na shela lake, akaweka mguu, akakuta ulaini.

Akangoja ngoma ipande. Haikupanda. Alimwona Nzai anapiga, mikono inakwenda, jasho linamtoka, na miguuni hamna kitu, kama umeme umekatika. Mwaringa, aliyekuwa bwana harusi, akaanza wimbo mapema. Upande wa wazee ukaanza umechelewa, akina mama wakageuka kushoto na wengine kulia, wakagongana vichwa. Waimbaji pembeni walikuwa wamefika kwenye mafuriko wakati mikono ya viziwi bado inachinja ng'ombe wa harusi. Mtu akacheka, na kicheko kikaenda mpaka nyuma. Sabdio hakukisikia. Aliyaona meno.

Alisimama. Wote wakasimama. Issack alikuwa nyuma kabisa, ameegemea nguzo, na peke yake hakuwa akicheka. Sabdio aliona aibu iliyomwingia hadi kwenye mifupa, maana aliitaka siku hii kuliko alivyopata kutaka kitu chochote.

Jilo akainuka. Msemaji ni msemaji. Aliomba kipaza sauti akapewa.

"Chifu, na wageni, nyinyi samahani sana," akasema. "Huyu dada yangu amechoka. Anasema ameshindwa. Anaomba nyinyi msamaha. Mimi namjua yeye."

Tuneya alikuwa amesimama ukingoni mwa jukwaa. Kazi yake siku ile ilikuwa kuwafasiria viziwi kila kinachosemwa, na sheria ya mkalimani ni kwamba hachagui: linalosemwa analifasiri, awe amelisema chifu au mlevi. Mikono yake ikainuka. *Dada yangu amechoka. Anasema ameshindwa.*

Sabdio aliitazama ile mikono. Alikuwa na umri wa mama mtu mzima, na hii ndiyo mara ya kwanza kuona anachosemewa, palepale anaposemewa. Akaiona zahanati. Akaliona lile gari lililompeleka kuolewa. Hasira ilimpanda kutoka miguuni, mahali ambapo ngoma ilikuwa imekataa kupanda.

Mikono yake ilianza kusema, na Tuneya akachukua kipaza sauti cha pili. Mkalimani husema kama yeye ndiye mwenye maneno, kwa hiyo ilikuwa sauti nyororo ya msichana wa kwaya iliyotoka kwenye spika mbili kubwa na kusema:

"Sikuchoka. Wala sikusema nimeshindwa. Jilo, hilo zulia lako limeniziba miguu. Liondoe."

Jilo akageuza uso. Upande aliogeukia alikuwapo chifu. Akageuka upande mwingine, kuna akina mama wa soko. Na sauti ilikuwa inamfuata kote, kwa sababu spika haigeuziwi uso.

"Nakuona unavyogeuka. Na Issack je? Nani alikwambia simtaki? Uliniuliza lini, kwa mkono gani? Buni zake tulikula, Jilo. Nilizikaanga mimi."

Bibi kizee mmoja wa Kiorma, aliyekaa chini na fimbo yake, akauliza kwa sauti, "Buni mlikula?"

Bibi akagonga fimbo chini.

"Mlikula, halafu mkamkataa mtu?"

Garsen husamehe mengi. Imesamehe wezi wa mbuzi na wanasiasa. Lakini kumtafunia mchumba buni zake, ambazo kuzila ni kukubali, kisha kumfukuza ni jambo ambalo hata chifu alilitikisia kichwa, na minong'ono ikawa mikubwa kuliko nyimbo zilivyokuwa. Jilo alisimama na kile kipaza sauti, jasho likishuka kwenye kanzu. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini, na haikuelekezwa kwa wageni.

"Mara ya kwanza nilisema amekubali," akasema. "Mimi nilisema. Akarudi vile alirudi. Mimi siwezi sahau ile mkono yake na bangili. Nikaona bora mimi niseme hapana. Kila mtu akikuja, hapana. Hapana haiwezi kumuua."

Tuneya akayafasiri yote, hata bangili. Sabdio akajua hatimaye kakake alikuwa akifikiri nini siku ile zizini. Hasira yake ikapungua, na jambo hilo likamuudhi, kwa sababu alikuwa bado hajaimaliza. Alimpenda mjinga yule. Alitaka kumkumbatia na kumzaba kofi, na hakujua aanze na lipi.

Akainama akashika pembe moja ya zulia. Akamwonyesha Jilo pembe nyingine.

Jilo alivua viatu, maana hata katika aibu mtu halikanyagi zulia lake na viatu, akapanda jukwaani. Wakalikunja pamoja, dada huku na kaka kule. Nzai aliinua ngoma yake kuwapisha. Walipofika mstari wa mbele, chifu ilibidi asimame, soda mkononi, soksi zake zenye tundu zikionekana na kila mtu, na jina lake la tumbo likawa hatarini kubadilika. Jilo akalibeba zulia begani akaenda kuliweka ukutani, akalikalia.

Wakaanza upya. Nzai alipiga pigo la kwanza kwenye mbao tupu, na likapanda: nyayo, magoti, kifua. Sabdio akafumba macho kidogo kulipokea. Mto ukafura kwa mikono ya viziwi wote kwa pamoja, wazee wakagombana ng'ambo kwa ng'ambo kwa ishara ambazo Winfred hakuwafundisha, na akina mama wanaosikia wakaimba hadi wakalia. Katika tukio la mwisho bibi harusi aliulizwa kama amekubali. Sabdio akajibu ndiyo. Kisha akajibu ndiyo mara ya pili, ambayo haikuwa kwenye mchezo, akiangalia juu ya kichwa cha Mwaringa hadi kwenye nguzo ya nyuma. Mwaringa, bwana harusi wa watu, akageuka kutazama ni nani huyo anayekubaliwa mgongoni mwake.

Asubuhi iliyofuata Sabdio alikuwa sokoni na vibuyu vyake kama kawaida, na mteja wake wa kwanza alikuwa yule mwenye duka la mbegu, aliyekuja na chupa yake huku akijikuna. Jilo akatokea na Issack nyuma yake. Issack alikuwa amebeba kifurushi cha buni kwa mikono miwili. Jilo alimsimamisha mbele ya dadake, akamwonyesha Issack, akamwonyesha Sabdio, kisha akafanya jambo ambalo hajapata kulifanya tangu azaliwe: akaweka mikono yake nyuma, akafumba mdomo, na akabaki anamtazama.

Issack akauliza kwa mikono yake mibovu. Aliharibu mwanzo, akaharibu katikati, lakini swali lilifika. Sabdio aliwaacha wote wawili wasubiri mpaka alipomaliza kumimina maziwa ya mteja na kufuta mdomo wa kibuyu. Ndipo akajibu, taratibu, akichanganya na ishara zao za nyumbani, jibu refu kidogo, maana ndiyo yake ilikuwa na masharti, na mojawapo lilihusu buni zitakaangwa na nani.

Mwenye duka la mbegu hakuambulia kitu. Akamgeukia Jilo, kama watu walivyozoea miaka yote.

"Amesema nini?"

Jilo alikuwa ameelewa. Ilionekana usoni kwamba ameelewa, karibu yote. Akafungua mdomo, akaufunga, akafungua tena.

"Muulize mwenyewe," akasema.

Mtu wa mbegu akamgeukia Sabdio, akainua nyusi, na Sabdio akamjibu.